Mjomba masikio, mimi macho: tulivyoielewa skana ya mezani

Mwezi wa 11 mwaka jana mjomba alinipigia akasema mwanangu njoo, ile redio yangu siioni tena. Sio kwamba imepotea, ipo pale pale juu ya kabati, ila yeye macho yote mawili yana mtoto wa jicho na kioo cha ile redio amebaki anakipapasa tu. Nikachukua bajaji kutoka Sahare mpaka Ngamiani barabara ya 12, nikamkuta barazani na kahawa yake, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, hata kukaa sijakaa kaniambia ingia ndani uwashe.

Niseme kwanza ni redio gani mana wengi hawajawahi kuiona. Mjomba alikuwa baharia, ameingia melini kijana mdogo kabisa, alianzia jikoni baadae akahamia deki, amezunguka bandari nyingi mpaka alipochoka akarudi nyumbani Tanga. Kwenye safari zake za mwisho mwisho alinunua Baltimore skana ya mezani, Uniden, nyeusi, saizi ya kamusi nene. Skana ni redio inayosikiliza tu, haiongei. Redio ya kawaida unaiweka stesheni moja inakaa hapo hapo, hii inapita kwenye masafa mengi moja baada ya jingine haraka haraka, ikikuta mtu anaongea inasimama, akimaliza inangoja kidogo labda atajibiwa, kukiwa kimya inaondoka kuendelea na safari. Mjomba anasikilizia meli. Basi. Ndo starehe yake iliyobaki, baada ya Isha anakaa na kahawa na kashata anasikiliza bahari akiwa Ngamiani.

Nikawasha. Aisee kelele, shhhhhhh kama mafuta yanayokaanga bagia, na namba kwenye kioo imeganda haisogei. Mimi nikajua imekufa. Mjomba akasema haijafa, iko wazi, zungusha kile cha kulia, sio cha sauti, kile kingine, taratibu mpaka inyamaze. Nikakizungusha mpaka mwisho kabisa. Kimya. Namba zikaanza kukimbia nikafurahi, nikamwambia tayari mjomba. Akauliza umesimamia wapi? Nikasema mwisho. Akatikisa kichwa, akaniambia umefunga mlango na wageni wako nje, rudisha mpaka kelele itoke tena, afu peleka mbele unywele mmoja tu, ikinyamaza hapo hapo uachie.

Kile cha kuzungusha kinaitwa skwelchi na nadhani ndo kitu cha kwanza mtu anapaswa kukielewa kabla hata hajagusa namba. Ni kama bawabu. Masafa matupu hayako kimya kwa asili, yana chenga muda wote, skwelchi inakaa mlangoni inasema chini ya kiwango hiki sifungui spika. Ukiiweka chini mno, chenga zenyewe zinapita, na skana inadhani zile chenga ni mtu anaongea kwahiyo inasimama hapo milele, ndo mana namba ilikuwa imeganda. Ukiiweka juu mno utasikia meli iliyo gatini tu, ile ambayo hata ukienda pale ufukweni unaiona kwa macho, ila ya mbali inayoingia hutaisikia na wala hutajua kama hukuisikia, mana kioo kinaendelea kukimbia vizuri kabisa kama hakuna tatizo. Hilo la pili ndo baya zaidi. Kelele utairekebisha mwenyewe mana inakukera, kimya cha uongo kinakuacha umeridhika.

Siku ile ile akanihadithia kitu ambacho sijakisahau. Enzi zake melini, chumba cha redio kilikuwa na saa ya ukutani yenye rangi nyekundu kwenye sehemu mbili, dakika ya 15 mpaka 18 na ya 45 mpaka 48, na kijani dakika 3 za kwanza za kila saa na kila nusu saa. Zile dakika 3 nyekundu dunia nzima kwenye kilohezi 500, masafa ya dharura ya Morse, ile ya kugonga nukta na vistari, watu wote wanaacha kutuma wanasikiliza tu, kama kuna mnyonge mahali ana redio dhaifu na chombo kinazama basi hapo ndo atasikika. Kijani ni hivo hivo ila kwa wanaotumia sauti, kilohezi 2182. Mjomba alikuwa anampelekea afisa wa redio chai, anasema ukiingia dakika hizo unaweka kikombe bila kugonga sahani. Mambo hayo yameisha, tangu Februari 1999 meli zimehamia mfumo mpya wa satelaiti na wa dijitali, lakini ukimuona anavyorekebisha skwelchi unajua katokea wapi. Anaitafuta ile sehemu ambayo mnyonge atasikika.

Haya, sasa kioo. Hapa ndo nilisumbuka mimi, mana mjomba anajua kila kitu ila haoni, mimi naona kila kitu ila sijui maana yake, ikawa namsomea kama namsomea barua. Juu kuna mstari wa namba 1 mpaka 10, moja inapepesa. Akasema hizo ni benki, chaneli 300 zimegawanywa makundi 10 ya 30 30, inayopepesa ndo anayoipitia sasa ivi. Katikati kuna tarakimu kubwa, pembeni kuna namba ndogo. Nikamsomea, mjomba kubwa inasema 154 na vinukta, ndogo inasema 16. Akashtuka. 16? Haiwezekani, 16 ni 156.800. Nikamwambia ndo ninavyoona. Akanyamaza, akasema basi kuna mtu kachezea, wajukuu hao.

Kumbe hawajachezea peke yao, kuna jambo jingine ambalo kila anayeanza na hizi redio lazima ajikwae. Ile 16 ndogo kwenye kioo ni namba ya kabati tu, shimo la 16 la kumbukumbu, unaweza kuweka humo masafa yoyote unayotaka. Chaneli 16 ya bahari ni kitu kingine kabisa, hiyo ni ya dunia nzima, megahezi 156.800, kila chombo chenye redio ya VHF, hizi za kuongea karibu karibu, kinaisikiliza mana ndo ya kuitana na ya kuomba msaada. Mbili hizi zina jina moja na hazina undugu. Mjomba zamani alizipanga zifanane, shimo la 16 akaweka 156.800, la 12 akaweka 156.600, la 13 akaweka 156.650, ili akiona namba ndogo ajue chaneli ya bahari bila kupiga hesabu. Wajukuu walipobonyeza bonyeza mpangilio ukavurugika.

Tukakaa siku nzima tukairudishia. Na nilivyokuwa naandika nikagundua hesabu yenyewe ni nyepesi, chaneli ya 6 ni 156.300, afu kila namba unayopanda unaongeza kilohezi 50, 7 ni 156.350, 8 ni 156.400, hivo hivo mpaka unafika 16 na inagonga 156.800 sawasawa. Sikuwahi kufikiria bahari ina ngazi. Zile za 60 na kuendelea zimeingizwa katikati ya hizo kwa hatua ya kilohezi 25, kama 70 ambayo ni 156.525, iko kati ya 10 na 11. Namba za kubonyeza ziko kwenye redio yenyewe, unaenda shimo unalotaka, unaandika masafa, unathibitisha, unaenda lingine. Kazi ya kuchosha ila mjomba alikuwa ananitajia kwa kichwa bila kukosea hata moja.

Hiyo 70 usiiweke kwenye mzunguko. Sisi tuliiweka, kila baada ya muda skana inasimama inatoa krrrk fupi kama panya anatafuna karatasi. Sio watu, ni kompyuta za meli zinaitana kwa dijitali, sauti hairuhusiwi pale. Na 161.975 na 162.025 ni hivo hivo, meli zinajitangaza jina na mahali zilipo muda wote, kwa skana ya kawaida ni kelele tupu. Kwa ajili ya hizo kuna kitufe cha L/O, redio ikisimama sehemu usiyoitaka unakibonyeza na kuanzia hapo inairuka.

Na hicho kitufe ndo kilichotuumiza. Nadhani ilikuwa wiki ya pili, nilikuwa naizima ile krrrk, kidole kikachelewa, skana ilikuwa imeshaondoka kwenye 70 ikasimama 16, mimi nikabonyeza. Sikuona. Siku 3 mjomba ananiambia kwenye simu bahari imekuwa kimya sana, nami namwambia labda hakuna meli. Siku ya nne niko pale Raskazone naona kwa macho yangu meli kubwa inaingia na tagi mbili, zile boti za kuvuta meli, pembeni, nikampigia, mjomba unasikia chochote? Hasikii. Nilirudi mbio. Nikabonyeza HOLD, nikaandika 16, kioo kikaja na 156.800 na chini yake kwa herufi ndogo sana L/O. Ilikuwa imeandikwa muda wote, ila skana ikiwa inazunguka huwezi kuiona kwa sababu haifiki hapo, inairuka, mpaka uiendee mwenyewe ndo inakwambia nimefungwa. Nikabonyeza tena L/O ikafunguka. Nilimuomba radhi mjomba, akasema hakuna shida, ila nilijisikia vibaya kweli mana mtu mwenyewe ananitegemea mimi kwa macho.

Tangu hapo 16 tumeiwekea PRI. Kioo kinaonyesha P ndogo, na maana yake redio hata ikiwa inasikiliza kwingine kila sekunde 2 inachungulia 16 kama kuna mtu. Utasikia sauti inakatika kidogo kidogo, usiogope, ndo inachungulia. Na DLY tumeiweka kwenye zote, ndo ile ya kungoja sekunde 2 baada ya mtu kumaliza kuongea, bila hiyo utamsikia nahodha anauliza swali afu skana hiyoo imeshaondoka, jibu hulipati. Kitufe cha WX kiache tu, kinatafuta stesheni za hali ya hewa za Marekani kwenye 162.400 mpaka 162.550, huku hazipo. Na ukiona herufi F imejitokeza ujue umebonyeza FUNC, kila kitufe kinabadilika kazi mpaka itoke, kwahiyo kabla ya kubonyeza chochote tazama kwanza kama F ipo.

Umeme wake wa Marekani ni volti 120, wetu 230, adapta yake ya asili usiichomeke ukutani moja kwa moja itaungua. Fundi wa barabara ya 8 alitupa ya volti 12, akapima kwanza chanya iko katikati au nje, ikawa imeisha.

Antena ndo nimependa. Ilikuja na ile ya kuvuta, nami kama watu wote nikaivuta yote nikijua ndefu ndo bora. Mjomba akauliza umevuta kiasi gani, nikasema yote, akasema pima. Nikachukua futi ya cherehani ya shangazi. Hesabu ni hii, unachukua 300 unagawa kwa megahezi unapata urefu wa wimbi kwa mita, 300 kwa 156.8 ni kama mita 1.91, robo yake ni sentimita 48 hivi, kwa bahari unavuta mpaka hapo na unaisimamisha wima mana antena za meli zimesimama wima. Kwa ndege masafa yako chini, ukichukua 125 inakuwa sentimita 60. Tofauti niliisikia kwa masikio siku ile ile, meli iliyokuwa inakwaruza ikasafishika. Baadae tukafanya ya nje, fimbo ya shaba juu ya boriti ya mkoko, mita 9 kutoka chini, na hapo mambo yakawa mengine.

Maana VHF inaenda kama jicho linavyoona, zaidi kidogo tu. Antena yetu mita 9, ya meli tuseme mita 25 juu ya maji, utaisikia mpaka kama kilomita 33, zaidi ya hapo dunia yenyewe imejikunja katikati yenu. Ila ndege iliyo mita 10,000 juu unaisikia hata kilomita 400. Benki ya 2 tumeweka ndege, na kioo hapo kinaandika AM badala ya FM, usikibadilishe mana ndege zinatumia AM kwenye 118 mpaka 137, ukiweka FM sauti inakuja imezibwa kama mtu anaongea kafunikwa mto. Mwanzoni nilikuwa namwambia mjomba hii redio mbovu, rubani anaongea, ananyamaza, anasema sawa nimekuelewa, lakini aliyemwambia hasikiki. Akacheka. Rubani yuko juu unamwona, anayemjibu yuko chini Dar, kilomita karibu 200, huyo dunia imemficha. Kwahiyo tunasikia nusu ya mazungumzo, na nusu nyingine unaijaza kichwani, akisema anashuka unajua kaambiwa ashuke.

Bahari nayo ina nusu nusu zake. Chaneli nyingine zina masafa mawili, kwa mfano 26 ya kimataifa meli inatuma kwenye 157.300 na kituo cha nchi kavu kinatuma kwenye 161.900, ukiweka moja tu utadhani watu wanaongea na ukuta. Weka zote mbili, mashimo yanayofuatana.

Watu wananiuliza kama tunasikiliza polisi. Hapana. Hatutafuti, na tukikutana na mazungumzo yasiyotuhusu tunafunga na L/O, na tunachosikia hatukisambazi. Kuna sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010 na wasimamizi ni TCRA, ukitaka kuleta kifaa kama hiki waulize wao kwanza kabla hujatoa hela.

Mimi siishi pale, nina watoto na duka, na mjomba hakutaka kungoja mpaka nije ndo aguse redio yake. Nikachukua rangi ya kucha, nikadondosha tone moja juu ya HOLD, matone mawili juu ya SCAN, na kwenye L/O nikabandika kipande cha sandpepa ili kidole kikigusa kikatae. Skwelchi nikatia tone pembeni, tone likiwa juu kama saa 6 ya ukutani ndo mahali pake usiku wa kawaida. Anatumia vizuri, anajua chaneli kwa kuhesabu, HOLD, 1, 6, HOLD, na sauti inamthibitishia mengine. Lakini bado akisikia kitu kipya ananipigia, njoo uniambie kioo kinasemaje.

Januari hii kaskazi ilikuwa shwari sana, joto halipumui, bahari imelala kama ya kwenye bakuli. Usiku mmoja niko kwake umeme ukakatika Ngamiani nzima. Tukahamishia redio kwenye betri ya sola, volti 12 zile zile, na ilipowaka nikashangaa, kimya chake kilikuwa tofauti. Mjomba akasema shusha skwelchi. Nikashusha. Haikupiga kelele. Shusha tena. Nikashusha mpaka tone la rangi ya kucha likafika kushoto kabisa ndo chenga zikaanza, nikarudisha unywele. Kumbe kelele nyingi tulizokuwa tunapigana nazo sio za angani, ni za mtaani, taa za LED, chaja za simu, ving'amuzi, nyumba nzima nzima zinatoa chenga, umeme ulipoondoka zikaondoka nazo na mlango tukaweza kuufungua zaidi kuliko siku zote.

Tukakaa gizani. Kama saa 4 na robo hivi skana ikasimama. Sauti ndogo, ya mbali, inapanda na kushuka kama inakuja juu ya mawimbi, mtu anaita Mombasa, anarudia, anaita tena. Mombasa kutoka hapa ni kama kilomita 130 kwa mstari ulionyooka. Mjomba alininyooshea mkono nisiseme kitu. Mombasa akajibu. Wote wawili tukawasikia, meli na nchi kavu, sio nusu. Akaninong'oneza kwamba usiku wa namna hii hewa ya juu inakuwa ya joto na kavu kuliko ile iliyolala juu ya maji, mawimbi ya redio yanashindwa kutoka kwenda zake, yanapinda yanafuata bahari, amewahi kusikia hivo akiwa melini ila sio nyumbani, hajawahi kuipata Ngamiani.

Afu akauliza, kioo kinawaka rangi gani?

Nikasema ya machungwa mjomba.

Akasogeza uso karibu na redio, karibu kabisa. Akasema basi ndo hiyo, naona kitu kinawaka hapo, kama moto wa sigara. Mchana na taa zikiwaka haoni kabisa, ila kwenye giza lile aliona mwanga wake. Akaniambia haya nisomee. Nikasoma, benki ya kwanza, chaneli 16, 156.800, FM, P ipo, F haipo, L/O haipo. Akasema soma tena.